Barabara zinafika Garissa, lakini vijana wasomee wapi kazi ya uchukuzi?

KWA miongo mingi, mtu aliyetaka kujua jinsi Kaskazini Mashariki ilivyotengwa na Kenya nyingine hakuhitaji takwimu. Ilimtosha kupanda lori Garissa akielekea Wajir au Mandera wakati wa mvua. Safari ya siku moja iligeuka kuwa ya wiki nzima, mizigo ikaoza, mifugo ikafa njiani na bei ya unga ikapanda kila kilomita iliyosogea.

Hali hiyo inabadilika, ingawa polepole. Benki ya Dunia iliidhinisha Septemba 2020 dola milioni 750 za Marekani kwa ajili ya mradi wa barabara ya Isiolo, Wajir na Mandera. Bandari ya Lamu ilipokea meli zake za kwanza Mei 20, 2021. Barabara inayotoka bandarini humo kupitia Ijara inaelekea Garissa, na kutoka Garissa mpango ni kuiunganisha na Isiolo. Mji ambao zamani ulikuwa mwisho wa lami sasa umewekwa katikati ya ramani.

Swali linalowakabili wazazi na vijana wa kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ni nani atakayezifanya kazi zitakazoletwa na njia hizo. Barabara huja na kazi za aina nyingi: kuendesha malori na mitambo, kutunza maghala, kupakia na kupakua shehena, kuandaa hati za forodha, kukarabati injini na kusimamia misafara ya magari. Kazi hizo zikimkuta kijana wa mahali hapo hana cheti kinachotambulika, zitachukuliwa na mgeni mwenye cheti, naye mwenyeji atabaki kuuza chai kando ya barabara.

Ndiyo maana uamuzi wa chuo gani cha kusomea uchukuzi si jambo la mwanafunzi peke yake. Katika familia za wafugaji, karo mara nyingi ni ngamia au ng'ombe kadhaa waliouzwa katika soko la mifugo la Garissa. Chuo kikichaguliwa vibaya, mifugo imekwenda na kijana amerudi nyumbani na karatasi ambayo hakuna mwajiri anayeitaka.

Historia inayoeleza pengo

Pengo la ujuzi katika eneo hili halikutokea kwa bahati mbaya. Serikali ya kikoloni ililifanya eneo la mpaka wa kaskazini kuwa mahali pa kuingia na kutoka kwa kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, na hali ya hatari iliyowekwa wakati huo haikuondolewa hadi 1991. Katikati ya hayo, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza katika maeneo yenye rutuba, mvua na reli. Kaskazini Mashariki haikuwa na hata kimoja.

Vyuo vya uchukuzi vilijengwa palipokuwa na uchukuzi. Chuo cha reli kikawa Nairobi, cha bandari kikawa Mombasa, na cha usimamizi wa safari za ndege kikawa Embakasi. Kijana wa Garissa aliyetaka kusomea fani hizo alilazimika kuhama, kupanga chumba mjini na kuishi kwa fedha za jamaa.

Pigo jingine lilitokana na ukosefu wa usalama. Novemba 22, 2014, abiria 28 wa basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi waliuawa na wanamgambo wa al-Shabaab. Aprili 2, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji.

Athari ya matukio hayo inaonekana katika alama za mtihani. Shule isiyo na mwalimu wa hisabati wala fizikia haiwezi kutoa watahiniwa wengi wenye alama ya C+ inayohitajika kwa shahada. Kwa hiyo mjadala kuhusu chuo cha uchukuzi Kaskazini Mashariki hauwezi kuanzia kwenye digrii. Ni lazima uanzie kwenye ngazi nzima.

Ngazi nne za kupandia

Mfumo wa Kenya unamruhusu mwenye C+ kusomea shahada, mwenye C- kusomea stashahada na mwenye D kusomea cheti cha ufundi. Aliyepata chini ya hapo, au hata asiyepata alama yoyote ya kujivunia, anaweza kuanza na ufundi wa awali. Wazazi wengi huyaona mafunzo hayo ya chini kuwa aibu. Hilo ni kosa, hasa katika sekta hii, kwa kuwa mtu anaweza kuanza akiwa fundi wa breki za trela na kupanda hadi stashahada huku mfukoni akiwa na mshahara.

Zaidi ya hayo, serikali ilizindua mwaka wa 2024 sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa. Garissa, Habaswein na Mandera zimejaa makanika na madereva ambao wamekarabati malori jangwani kwa miaka 20 bila kuwahi kukanyaga chuo. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa upya jinsi ya kufungua gia. Anachohitaji ni kupimwa na kupewa cheti, ili ujuzi wake ukubalike mbele ya mkandarasi.

Uchukuzi si fani moja

Kosa la kwanza ambalo wanafunzi hufanya ni kuuliza ni chuo kipi kilicho bora katika uchukuzi kabla ya kujiuliza wanataka kufanya kazi gani ndani ya sekta hiyo. Neno hili limebeba fani nyingi, na kila fani ina mlango wake.

Anayetaka kuendesha mitambo ya kutengeneza barabara, kama vile greda na tingatinga, anapaswa kuanza kuulizia katika Taasisi ya Barabara Kuu na Teknolojia ya Ujenzi (KIHBT) iliyo Nairobi. Taasisi hiyo inahusiana moja kwa moja na idara ya barabara, na mafunzo yake hufanyika kwenye mitambo yenyewe. Huyu ndiye kijana ambaye wakandarasi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera wanamtafuta leo, si miaka 10 ijayo.

Anayependa kazi za meli, kontena na kreni ana Chuo cha Ubaharia cha Bandari cha Mombasa, ambacho kilipandishwa hadhi mwaka wa 2018 kutoka kilichojulikana kama Bandari College. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pia kiko karibu na bandari. Faida kuu ya vyuo vya Mombasa ni kwamba mwanafunzi huona kwa macho yake kile anachofundishwa. Aliyesoma jinsi shehena inavyopakuliwa bila kuiona gati ni sawa na aliyejifunza kuogelea ubaoni.

Kwa upande wa usimamizi wa uchukuzi, upangaji wa safari na reli, Chuo cha Mafunzo ya Reli cha Nairobi kimekuwepo tangu 1956. Reli haijafika Garissa, na ile iliyoahidiwa katika mradi wa LAPSSET haijajengwa tangu marais Mwai Kibaki na Salva Kiir pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi walipouzindua mradi huo mjini Lamu, Machi 2, 2012. Hata hivyo, ujuzi wa kupanga misafara na kukokotoa gharama ya kila tani kwa kila kilomita hauhitaji reli ili ufae. Unafaa vivyo hivyo kwa malori 10 yanayotoka Garissa kwenda Dadaab.

Kisha kuna kazi ya uwakala wa forodha. Cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha na shehena hufundishwa Kenya kupitia Chuo cha Usimamizi wa Ushuru (KESRA), na hutambuliwa katika nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa kijana wa mpakani, cheti hiki kinastahili kutazamwa kwa makini. Somalia ilikuwa mwanachama kamili wa jumuiya hiyo Machi 2024. Ni kweli kwamba Kenya ilifunga mpaka wake na Somalia kwa sababu za kiusalama mwaka wa 2011, na kwamba ahadi ya Mei 2023 ya kuufungua iliahirishwa Julai mwaka huo huo baada ya mashambulizi. Lakini siku biashara halali itakapopita Liboi, El Wak na Mandera bila vikwazo, mizigo yote itahitaji hati, na hati huandaliwa na watu waliosomea kazi hiyo. Kijana anayejua Kisomali, Kiswahili na Kiingereza, tena ana cheti cha forodha, atakuwa na nafasi ambayo mhitimu wa Nairobi hana.

Kwa wanaotafuta shahada yenyewe ya uchukuzi na usafirishaji wa mizigo, macho yanaweza kutazama hata nje ya Kenya. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka wa 1975, kimejengwa kwa ajili ya sekta hii pekee. Tofauti yake na vyuo vikuu vingi ni kwamba uchukuzi hapo si tawi dogo la kitivo cha biashara. Anayefikiria kuvuka mpaka, hata hivyo, ahakikishe mapema kwamba cheti atakachopata kitatambuliwa Kenya.

Kubaki nyumbani au kuondoka?

Garissa haiko mikono mitupu. Politekniki ya Kitaifa ya Kaskazini Mashariki, iliyokuwa taasisi ya mafunzo ya kiufundi ya mkoa kabla ya kupandishwa hadhi, iko mjini humo. Chuo Kikuu cha Garissa kilifunguliwa upya Januari 2016, miezi tisa tu baada ya mauaji, na mwaka wa 2017 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kufunguliwa kwake kulikuwa jibu kwa wale waliodhani kwamba bunduki ingefunga mlango wa elimu ya juu katika eneo zima.

Kubaki nyumbani kuna faida nyingi. Mwanafunzi hulala kwao, hula kwao na hahitaji nauli ya kilomita 370 kutoka Nairobi kila muhula. Kwa wasichana, faida hiyo ni kubwa zaidi. Mzazi ambaye hangekubali binti yake apange chumba Eastleigh au Likoni anaweza kumruhusu asomee usimamizi wa maghala au forodha Garissa. Kazi hizo hufanyiwa ofisini na kwenye kompyuta, wala hazihitaji nguvu za kubeba magunia.

Upungufu wa kubaki nao haufai kufichwa. Mji hauna bandari, reli wala kampuni nyingi kubwa za usafirishaji ambako mwanafunzi anaweza kwenda kwa mafunzo ya kazini. Chuo kinaweza kuwa na walimu wazuri na bado kikakosa mtambo wa kufundishia. Njia ya busara kwa wengi huenda ikawa ya kuchanganya: kuanza cheti au stashahada nyumbani, kisha kufanya mafunzo ya kazini Mombasa, Lamu au Nairobi, na mwishowe kuamua iwapo shahada inahitajika.

Gharama pia huamua. Kupitia idara ya KUCCPS, serikali huwapanga wanafunzi katika vyuo vikuu na pia katika taasisi za kiufundi za umma. Mwaka wa 2018 karo ya taasisi hizo iliwekwa kuwa Sh56,420 kwa mwaka, Sh30,000 zikilipwa na serikali na mwanafunzi akiruhusiwa kuomba mkopo wa HELB kwa kiasi kilichosalia. Mipango ya ufadhili imebadilishwa tangu wakati huo, hasa kupitia mfumo mpya wa 2023, lakini kanuni imebaki ile ile: anayekwenda chuo cha kibinafsi bila kupitia kwenye mpango wa umma huenda akabeba mzigo wote peke yake.

Mitego ya kuepukwa

Mtego mkubwa ni chuo kisicho na kibali. Kwa mujibu wa sheria ya 2013, hakuna taasisi ya kiufundi inayoruhusiwa kufundisha bila kusajiliwa na Mamlaka ya Elimu ya Kiufundi (TVETA). Tena usajili wa chuo hautoshi. Kila kozi inapaswa kuidhinishwa, na chuo kilichoruhusiwa kufundisha ususi na kompyuta hakijaruhusiwa kufundisha usimamizi wa shehena. Kwa shahada, mwenye mamlaka ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE).

Mtego wa pili ni mtihani. Mzazi aulize ni nani atakayemtahini mwanawe. Je, ni Baraza la Mitihani (KNEC), ni baraza la mitaala ya umilisi la TVET CDACC, au ni chuo chenyewe kinachojichapishia vyeti? Chuo kinachojitungia mtihani, kikajisahihishia na kujipa sifa, hakifai kuuziwa hata mbuzi mmoja.

Wa tatu ni leseni. Stashahada ya uchukuzi haimpi mtu ruhusa ya kuendesha trela. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Usalama Barabarani (NTSA) kwa madaraja, na kila daraja lina masharti yake. Chuo kinachoahidi kwamba mwanafunzi atatoka akiwa na stashahada na papo hapo akaajiriwa kuwa dereva wa masafa marefu kinauza ndoto.

Mtego wa nne huwakumba zaidi vijana wa kaunti hizi, nao ni kitambulisho. Bila kitambulisho cha taifa hakuna mkopo wa HELB, hakuna leseni ya udereva wala kibali cha kuingia bandarini. Kwa miaka mingi wakazi wa mpakani walichujwa na kamati maalumu kabla ya kupewa hati hiyo. Maelfu ya wengine, Wakenya halisi, walinyimwa kwa kuwa majina yao yaliingia katika daftari la wakimbizi la Dadaab, wazazi wao walipotafuta chakula kambini wakati wa ukame. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini agizo la kukomesha uchujaji huo. Agizo hilo litapimwa kwa idadi ya vijana watakaokwenda chuoni wakiwa na kitambulisho mkononi, wala si kwa shangwe za siku lilipotiwa saini.

Kazi zipo wapi?

Tangu 1991, kambi za Dadaab zimekuwa shule isiyo rasmi ya uchukuzi. Mashirika ya misaada yamehitaji madereva, makarani wa maghala na wasimamizi wa misafara, na wenyeji wengi walijifunzia kazi huko. Lakini mwaka wa 2025 ulitoa onyo. Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada la USAID, mgao wa chakula kambini ulipunguzwa na ajira zikatikisika. Kijana anayesomea uchukuzi kwa matumaini ya kuajiriwa na mashirika hayo pekee anajenga juu ya mchanga.

Msingi imara zaidi uko kwenye uchumi wa eneo lenyewe. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki, na kila juma ng'ombe hupakiwa kuelekea Nairobi na Mombasa. Mnyama anayesafirishwa vibaya hupungua uzito, huvunjika mguu au hufa, na hasara humrudia mfugaji. Mtu aliyesomea jinsi ya kupanga safari, kuchagua saa ya kuondoka, kupumzisha na kunywesha mifugo njiani anaweza kuokoa fedha nyingi kuliko mshahara wake.

Mafuriko nayo yamefundisha somo. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, maji ya Mto Tana yaliikata barabara ya kwenda Nairobi karibu na Madogo. Malori yalikwama, bidhaa zikaadimika sokoni, na watu wakavushwa kwa mashua. Mwishoni mwa Aprili 2024 mashua moja ilizama Kona Punda na kuua baadhi ya waliokuwemo. Kupanga akiba ya bidhaa kabla ya mvua na kuratibu uvushaji salama ni elimu ya uchukuzi, na ukosefu wake hugharimu uhai.

Hatari za kiusalama zingalipo. Januari 2023 wafanyakazi wa Mamlaka ya Barabara Kuu (KeNHA) waliuawa katika shambulio Kaunti ya Garissa wakiwa kazini. Hilo linaweza kuwafukuza wataalamu wa mbali, na kwa hivyo linaongeza haja ya kuwa na wataalamu wa hapa hapa, wanaoijua ardhi na wanaojulikana na wenyeji.

Wajibu wa viongozi

Vijana hawawezi kuachiwa mzigo huu peke yao. Serikali za kaunti hutoa fedha za basari kila mwaka, lakini zikigawanywa vipande vidogo vidogo hazimalizi karo ya mtu hata mmoja. Zingeweza kutenga sehemu ya fedha hizo kwa fani zinazohitajika kwenye barabara na bandari, na kumlipia mwanafunzi hadi amalize. Nao wakandarasi wanaolipwa kwa fedha za umma wanaweza kushurutishwa katika mikataba yao kuwapokea wanafunzi wa politekniki kwa mafunzo ya kazini. Mitambo ambayo chuo hakina imeegeshwa kando ya barabara, kilomita chache kutoka darasani.

Kwa mzazi anayeketi na mwanawe jioni hii wakitafakari orodha ya vyuo, maswali ya kujibiwa kabla ya kuuza mnyama ni machache. Kijana anataka kazi gani hasa? Je, kozi imeidhinishwa, na nani atatahini? Atafanyia wapi mafunzo ya kazini? Ana kitambulisho? Na akimaliza, ngazi inayofuata iko wapi? Chuo kisichoweza kuyajibu hayo kwa ufasaha hakistahili karo, hata kama majengo yake yanang'aa.

Barabara hazingoji mtu. Lami ikishakauka, wakandarasi watahamisha mitambo yao, na kazi zitakazosalia zitakuwa za wale waliojiandaa. Kaskazini Mashariki ilingoja barabara kwa zaidi ya nusu karne. Itakuwa hasara kubwa iwapo watoto wake watazitazama zikipita mlangoni mwao, zikibeba mali na riziki za watu wengine.